Sufuria Ndani ya Motokari

Juma lililopita tulimzika Papa Ezekieli, na pale kilioni, katikati ya wimbo, gari la mjukuu wake mmoja aliyetoka Lubumbashi lilianza kupiga kelele lenyewe nje ya ua. Likalia, likanyamaza, likalia tena kwa sauti nyingine, na kati ya watu wote waliokaa kwenye viti vya plastiki hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Kijana mwenyewe alibonyeza kidude mfukoni bila kuacha kuimba. Mimi nikacheka. Najua, kucheka kilioni si adabu, na jirani yangu alinifinya paja kunikumbusha, lakini ningefanyaje? Mzee tuliyekuwa tukimlilia ndiye aliyekuwa na motokari ya kwanza kufungwa kengele ya wezi katika mtaa wetu wa Kikula, hapa Likasi, na kengele hiyo niliitengeneza mimi, kwa mikono hii hii, mwaka ambao nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na tumbo mbele. Nayo ilipolia, watu walitoka! Walitoka na fimbo. Wajukuu wakaniomba niwasimulie, nikawasimulia kidogo tu, kwa sababu pasta alikuwa anangoja zamu yake. Yaliyobaki nayaandika hapa.

Nilizaliwa na nani na nikalelewa wapi, hayo yapite. Mwaka ule nchi ilikuwa ingali Zaire, na mimi nilikuwa mke wa Anakleti, tukiishi katika chumba kimoja nyumbani kwa shangazi yake, Mama Rejina. Anakleti alikuwa ameacha kazi ya kiwandani, au kazi ilikuwa imemwacha yeye, sijui niseme vipi, na sasa alichimba shaba kwa mikono huko Kambove, akirudi kila baada ya majuma mawili na vumbi la kijani masikioni. Mimi nilikuwa nimesomea umeme katika shule ya ufundi, wasichana wawili tu katika darasa zima, mpaka walimu wakaacha kuja. Cha kuchekesha ni kwamba nilisomea umeme, kisha umeme wenyewe ukahama mji. Ulikuja kwa saa mbili, ukapotea siku tatu. Friji ya Mama Rejina ilikuwa kabati: juu unga wa ugali tunaouita bukari, katikati sahani, chini vifaa vyangu, yaani koleo, nyaya, na redio mbili zilizokufa ambazo nilizinyofoa risasi ya kuchomelea. Nilichomelea kwa kipande cha shaba nilichokipasha moto kwenye mbabula, jiko letu la makaa, kando ya sufuria ya sombe, yaani kisamvu. Shaba haikukosekana Likasi, ilikosekana mishahara. Mama Rejina alikuwa akiinusa mboga yake na kusema, "Odette, leo tunakula sombe ama tunakula redio?"

Sasa, mtu asiyekuwapo miaka ile hawezi kuelewa betri ya gari ilikuwa kitu gani kwetu. Betri moja ilikuwa umeme wa nyumba nzima: taa, redio, na kwa wenye bahati televisheni ndogo ambayo mtaa mzima uliitazama kupitia dirishani. Basi wezi hawakuhangaika na gari lenyewe. Waliinua kapo, kile kifuniko cha injini, wakafungua nati mbili, wakaondoka na betri ndani ya mfuko wa unga, mchana kweupe. Na walijua pa kwenda. Papa Ezekieli alikuwa mzee wa kanisa, kanisa la maombi ya sauti, na kila Jumapili aliegesha pikapu yake yenye turubai mbele ya kanisa hilo. Ndani watu walifumba macho wote pamoja wakaomba kwa sauti robo saa nzima, kila mtu ombi lake, ngoma ikipigwa. Ndipo hapo wezi walipofanya kazi. Sisi Wakatoliki tuliwacheka, tukisema, fumbeni jicho moja tu, Mungu ataelewa. Papa Ezekieli alijibu kwa upole wake, "Nikifungua jicho, ni motokari minaombea, hapana Mungu."

Lakini kuna siku ambayo hatukucheka. Mtoto wangu wa kwanza alianza kuja wakati wa mvua, mwaka mmoja kabla ya huo ninaousimulia. Pikapu ya Papa Ezekieli ndiyo iliyokuwa gari pekee la mtaa lililotembea. Ilipeleka wagonjwa, wanawake wa kujifungua, na maiti, na hakuna aliyewahi kukataliwa. Siku hiyo ilikuwa imesimama bila betri, imeibiwa Jumapili iliyotangulia. Mama Rejina na wanaume wawili walinilaza kwenye mkokoteni wa kubebea mizigo ya soko wakausukuma kutoka Kikula mpaka hospitali, kupanda na kushuka, matope mpaka magotini, na Mama Rejina aliusukuma njia yote bila kupokewa. Tulifika, lakini mtoto alikuwa amekwama muda mrefu mno. Alikuwa wa kiume. Nilimshika, kisha wakamchukua. Daktari akaniambia nyonga zangu ni nyembamba, kwamba nikipata mimba nyingine nisingoje hata saa moja, uchungu ukianza tu nije. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, Mama fulani. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa Odette tu, na kila aliyeniita hivyo alikuwa ananichoma bila kujua. Niliumia sana, na sioni haya kusema kwamba baadhi ya siku nilimchukia Papa Ezekieli na macho yake yaliyofumba.

Yeye alilijua hilo. Nilipokuwa na mimba ya pili ya miezi mitano, alikuja mchana mmoja akaketi kwenye benchi letu, kofia magotini. Mama Rejina alimwekea bukari na mchicha wa lengalenga, akala kidogo, akanawa. Halafu akaniambia, "Mama, nimepata betri. Nimetoa baiskeli na mbuzi yote mbili. Hii njo ya mwisho, sina tena kintu ya kubadilisha. Weye unazaa mwezi gani?"

"Wa kumi na moja, Papa."

"Basi lazima ifike mwezi wa kumi na moja," akasema. "Nitalala mu motokari kama inafaa. Lakini Jumapili nitafanya namna gani? Kuomba siwezi kuacha."

Sikujua kwamba nilikuwa nimeshafikiri jambo hilo mpaka niliposikia mdomo wangu ukijibu. Nilimwambia naweza kulifanya gari lipige kelele mtu akiinua kapo. Aliniangalia kama mtu anayeonyeshwa mkeka uliofumwa na kuku. Mama Rejina akacheka hadi akashika mlango. "Odette! Weye uko na redio mbili, na zote hazisemi!" Lakini Papa Ezekieli hakucheka. Aliweka funguo za gari mezani, kati ya sahani, akasema, "Fanya, mama."

Kitu chenyewe ni rahisi, mtu yeyote aliyeshika waya anaweza kukielewa. Mlangoni mwa kila friji kuna kitufe chenye springi: mlango ukifungwa unakibana na taa inazimika, mlango ukifunguliwa kinachomoza na taa inawaka. Mtaa wetu ulikuwa umejaa friji zilizogeuka makabati, nani alihitaji taa ndani yake? Niling'oa kitufe cha friji ya Mama Rejina alipokwenda sokoni, nikakifunga chini ya kapo, nikakiunganisha na klaksoni, ile honi ya gari. Kapo ikiinuliwa, klaksoni inalia. Na kwa sababu nilikuwa kijana na nilitaka sifa, nikapitisha ule umeme kwenye kidude kinachopepesa taa za kona, ili klaksoni isilie moja kwa moja bali kwa mapigo: pa-pa-pa, pa-pa-pa. Nilijiona nimemaliza shule yote kwa siku moja. Papa Ezekieli aliinua kapo mara nne mfululizo kusikiliza, akicheka kila mara, na watoto wa mtaa wakacheza.

Wakacheza. Nilipaswa kuelewa pale pale, lakini sifa zilikuwa zimeniziba masikio.

Jumamosi iliyofuata Papa Ezekieli aliegesha karibu na soko la Kikula akaenda kutafuta mafuta ya gari. Mimi nilikuwa chumbani, nimeinua miguu kwa sababu ilivimba. Mama Rejina aliingia kutoka sokoni, kapu kichwani, uso umeng'aa, jasho limemlowesha.

"Odette, juu ya nini hukuniambia? Ni mutoto gani ya Papa Ezekieli anaoa leo?"

"Hakuna anayeoa, Mama."

"Aa! Minye mwenyewe nimetoka kucheza pale! Klaksoni inalia pa-pa-pa, bamama ya soko bote banapiga vigelegele, bamoja banamwaga unga. Shofere iko pale, kichwa mu kapo, anacheka na shiye. Kisha klaksoni ikanyamaza, tukamuambia, eh kijana, piga tena! Akacheza kidogo, akashuka, akaenda. Nimemupa mukono mimi. Nimemuambia, Mungu abariki ndoa."

Nikakaa vizuri kitandani. "Shofere gani? Papa Ezekieli anaendesha mwenyewe."

"Kijana mwembamba, na kle ya kumi mu mukono…" Akasimama. Kle ni ufunguo wa kufungulia nati, na namba kumi ndiyo ya nati za betri. Kapu lilianza kuteremka kichwani taratibu, akalishika. "Yesu na Maria," akasema. "Nimesalimia mwizi."

Tulikimbia, mimi na tumbo langu, yeye na kapu lake. Betri ilikuwapo bado, nati moja imefunguliwa na waya unaning'inia. Alipoufungua waya huo ndipo klaksoni iliponyamaza, maana nilikuwa nimeifanya kengele ile ile ilishwe na betri ile ile inayoibiwa! Mtoto wa mwaka wa kwanza wa ufundi asingekosea hivyo. Kilichotuokoa ni wale wanawake waliomzunguka wakicheza, asipate nafasi ya kuinyanyua. Na kwa nini walicheza? Kwa sababu katika mji wetu, Jumamosi, klaksoni inayolia kwa mapigo ni harusi, basi. Hakuna mtu wa Likasi anayeisikia akawaza wizi. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara nikalia. Nililia kwa aibu, na kwa hofu, kwa sababu niliuona ule mkokoteni tena mbele ya macho yangu. Papa Ezekieli alirudi na dumu lake, akasikiliza hadithi yote, akaanza kutetemeka mabega, na mimi nikadhani analia naye. Alikuwa anacheka. "Mama Rejina," akasema, "ulimupa na mukono?"

Mama Rejina hakukipenda kile kicheko. Alikasirika siku nzima, akapika kwa kugonga vyombo, na wakati wa kula akanigeukia mimi. "Nani amekuambia klaksoni ni ya mwizi? Klaksoni ni ya ndoa! Mwizi ni sufuria. Hata mutoto mudogo anajua: mwizi ni sufuria!"

Nikaacha tonge mkononi. Alikuwa amesema kweli, na alikuwa ameisema kwa hasira bila kusikia alichokisema. Miaka ile hatukuwa na polisi wa kumwita. Kwa hiyo mtaa wetu, kama mitaa mingine, ulikuwa umepatana: ukimwona mwizi, piga sufuria, ukisikia sufuria, piga yako, toka. Nusu ya nyumba zetu zilikuwa na watu wapya, kwa sababu wenyewe walikuwa wamefukuzwa kwa ajili ya asili yao na kupandishwa treni za kwenda Kasai, jambo ambalo hatukupenda kulizungumza mezani wala kuangaliana machoni tulipolikumbuka. Watu walikuwa hawajuani, wengine hawakusalimiana. Lakini sufuria ikipigwa, wote walitoka. Mpaka leo nikisikia watu wakisema kwamba miaka ile kila mtu aliishi kivyake, nawaambia hawakuwapo, au walikuwa na masikio mabovu.

Basi nikaanza upya. Safari hii kengele haikuigusa betri ya gari. Nilikusanya mawe manane ya tochi, zile betri ndogo za mviringo, nikayaanika juani juu ya bati kama tulivyofanya sote ili yapate nguvu tena, nikayapanga ndani ya kisanduku cha mbao chini ya kiti. Kwenye gereji moja ya Kikula walinipa injini ndogo ya kufutia kioo, iliyotolewa kwenye gari lililokufa, nikaufunga mkono wake na nati kubwa ya chuma. Injini hiyo ikizunguka, mkono unakwenda na kurudi, na nati inagonga. Nikaongeza kidude cha kuushika umeme, ili mwizi akishaamsha kengele asiweze kuinyamazisha kwa kufunga kapo haraka. Swichi ya kuizima niliificha katika sehemu ambayo hakuna mtu angeitafuta kwenye gari la mzee wa kanisa: ndani ya kisahani cha majivu ya sigara. Kilichobaki ni cha kugongwa. Nilijaribu sufuria yetu ndogo, ikalia kama kijiko kwenye kikombe. Nilijaribu ya katikati, na sauti ikaishia kwenye turubai. Iliyofaa nilijua ni ipi. Ilikuwa sufuria kubwa ya Mama Rejina, ya alumini nzito, ambayo mtaa mzima uliazima kwa vilio na harusi.

"Ile hapana," akasema kabla sijafungua mdomo. "Minaona namna unaiangalia. Hapana, Odette. Ile haina mwenzake."

Sikumsihi. Nilijua ilikuwa mali yake pekee yenye heshima, na mwanamke mwenye sufuria kubwa hakosi kualikwa popote. Siku tatu zikapita. Siku ya nne nilikuwa nimekaa karibu na mbabula nikichomelea, mtoto akanipiga teke moja kubwa, nikaruka, na Mama Rejina akaliona gauni langu likitikisika. Aliweka mkono wake tumboni kwangu, akauacha pale muda mrefu. Mkono huo ulikuwa na kovu la mpini wa mkokoteni katikati ya kiganja. Alikwenda nyuma ya mlango, akaitoa sufuria, akaifuta kwa kitambaa ndani na nje, akaiweka mezani mbele yangu. "Toboa," akasema. Nilimkumbatia nikalia, naye akanisukuma akisema nitailowesha.

Niliifunga nyuma, chini ya benchi la abiria, mdomo ukielekea nje, na kuizungushia wavu ili mizigo isiigandamize. Ilipolia mara ya kwanza, mbwa walikimbia. Mara ya pili, watu walitoka nyumba kumi, na ilinibidi niwaombe radhi mmoja mmoja. Papa Ezekieli aliisahau swichi kila mara. Alisimama sokoni, akainua kapo aongeze maji, na sufuria ikaanza, kwa-kwa-kwa, na wanaume wakatoka kwenye vibanda na fimbo, naye akainua mikono yote miwili, kopo la maji likimwagikia kichwani: "Ni minye! Ni minye Ezekieli, mwenye motokari!" Mara mbili ilitokea hivyo. Lakini kuna Jumapili moja ya mwezi wa tisa, katikati ya maombi, sufuria ililia peke yake, na walipotoka walikuta kapo iko wazi, betri iko mahali pake, na kandambili moja ya mguu wa kushoto imebaki kwenye matope. Papa Ezekieli aliniletea kandambili hiyo kama mtu anayeleta zawadi. Nilifurahi, sitaki kusema uongo, nilifurahi kupita hata siku niliyopata cheti.

Ila furaha hiyo haikunilaza usingizi wote. Betri haikuibiwa, sawa, lakini gari lilikuwa kuukuu, mafuta yalipatikana kwa kubahatisha, na mwezi wa kumi na moja ulikuwa unakuja na mvua zake. Kila asubuhi nilimsikiliza Papa Ezekieli akiliwasha ng'ambo ya barabara. Lilikohoa, likakohoa, likashika. Kila siku lilipokohoa nilishika ukingo wa kitanda. Sijui kama kuna mwanamke mwingine aliyeibeba mimba yake huku akisikiliza injini ya jirani, lakini mimi ndivyo nilivyoibeba.

Ikawa Jumapili. Anakleti alikuwa Kambove, hakutarajiwa mpaka juma lililofuata. Mama Rejina alikuwa amekwenda Mulungwishi tangu jana yake kumwona ndugu yake mgonjwa, baada ya kuniapisha mara tatu kwamba nisifanye lolote mpaka arudi, na mimi nilikuwa nimeahidi, kana kwamba mambo hayo huahidiwa. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha alfajiri, sasa jua lilikuwa limetoka. Nilikuwa nimepanga sahani ndani ya friji uchungu uliponishika mgongoni, na haukuwa uchungu wa kuanza polepole. Nikajua. Nikavaa kitenge kikavu, nikatoka. Majirani walikuwa wameenda kusali, kila mtu kanisa lake. Kutoka kwetu mpaka kwenye kanisa la Papa Ezekieli ni mwendo wa dakika tano. Mimi nilitumia sijui ngapi, nikisimama kila nguzo.

Pikapu ilikuwa pale. Nililiona turubai lake nikasema asante kwa sauti. Lakini kati ya barabara na mlango wa kanisa kulikuwa na mfereji, na mfereji siku hiyo ulikuwa umejaa maji yanayokimbia, na juu yake kulikuwa na ubao mmoja mwembamba uliolowa. Niliuweka mguu mmoja, ubao ukayumba, nikaurudisha. Ndani walikuwa wamefika kwenye yale maombi ya wote. Ngoma, makofi, sauti mia mbili kila moja na ombi lake. Niliita, "Papa Ezekieli!" Niliita tena, nikapiga kelele mpaka koo likakwaruza, na sauti yangu haikufika hata katikati ya mfereji. Uchungu mwingine ukaja, nikashika kioo cha gari, nikahisi miguu inalowa, na haikuwa mvua. Nilimwona yule wa kwanza, uso wake mdogo. Nikasema, hapana. Si huyu naye. Hapana!

Ndipo nilipoinua kapo.

Nilikuwa nimeitengeneza ili imtishe mwizi, na ilinitisha mimi mwenyewe. Kwa! Kwa! Kwa! Sufuria kubwa ya vilio na harusi. Ngoma kanisani ikasita. Sauti zikapungua moja moja, kisha mlango ukafunguka kwa kishindo na wakamwagika nje, wanaume kwa wanawake, mwenye kiti, mwenye jiwe, mama mmoja na Biblia ameinua juu tayari kuirusha. Nyuma ya nyumba nyingine sufuria zikaanza kuitikia. Walichokiona ni mtu ameinama ndani ya injini. "Yule pale! Musimwache!" Jiwe la kwanza liligonga bati karibu na kiwiko changu. Nikageuka, tumbo likawa mbele yao, nikalikinga kwa mikono.

"Musipige!" Ilikuwa sauti ya Papa Ezekieli. "Musipige, ni Odette!" Hakuutumia ubao. Aliruka mfereji akiwa na tai yake, akatua nusu ndani ya maji, akaja akanishika mabega. "Nani anaiba, mama? Iko wapi?"

"Hakuna mwizi, Papa," nikasema. "Mutoto anakuya."

Wale wenye mawe wakaangalia mawe yao. Kisha mikono kumi ikanibeba ikaniweka kwenye kiti cha mbele, mama wa Biblia akapanda pembeni yangu akanishika, wengine wakajaa nyuma bila kualikwa. Papa Ezekieli akazungusha ufunguo. Sikupumua. Injini ilikohoa mara moja tu, ikashika. Tukaondoka, na kwa haraka hiyo hakuna aliyekumbuka kisahani cha majivu. Tulipita Kikula yote, tukaingia mjini, sufuria ikilia nyuma yetu, na kila barabara watu walitoka na fimbo na mchi, wakatafuta mwizi, wakaona mwanamke anayezaa, wakatupisha. Baiskeli zilitupisha, mikokoteni ilitupisha. Nilikuwa naumwa kuliko nilivyowahi kuumwa, na nilikuwa nacheka. Mama wa Biblia alidhani nimechanganyikiwa, akazidi kuniombea. Hospitalini wauguzi walikuwa wameshatoka nje kuona ni nini, na machela ikaja yenyewe, ndipo Papa Ezekieli alipoikumbuka swichi. Daktari alikuwapo. Alinitazama mara moja akasema tumewahi.

Alizaliwa mchana ule ule, wa kike, mwekundu, mwenye hasira. Waliponiwekea kifuani niliziangalia kucha zake moja moja. Muuguzi, msichana wa rika langu, alikuwa anakusanya vyombo huku akitikisa kichwa. "Mama, kuna muzee huko inje, anakataa kuzima motokari," akasema. "Tangu mufike. Tunamuambia mafuta yataisha, anakataa. Anasema hatazima mpaka asikie mutoto na masikio yake mwenyewe."

Nilimwomba ampeleke mtoto dirishani. Akambeba, akafungua kioo, na hewa baridi ilipomgusa binti yangu alilia kwa nguvu zake zote, mpaka watu waliokuwa uani wakaanza kupiga vigelegele. Chini, injini ikanyamaza. Nilikuwa nimelala pale nikiisikiliza ikizimika, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sikujali kama itawaka tena.